Chombo Kikivunjika, Mshahara Ukatwe?

Katika nyumba nyingi za miji yetu, mwajiri si kampuni wala kiwanda. Ni baba na mama wa nyumba. Binti aliyeletwa kutoka Singida au Iringa kuja kupika, kufua na kulea watoto ni mfanyakazi kamili mbele ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Lakini wengi wetu hatumhesabu hivyo. Twasema ni kama mwanetu. Kisha pasi ikiunguza kanzu au chupa ya chai ikianguka, twamkata mshahara kama mtu baki.

Juma hili tunaelekeza kalamu yetu kwenye swali hilo: je, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara ili kufidia chombo kilichoharibika?

Sheria haikuufunga mlango huo, bali imeuwekea masharti, na sharti yatimie yote. Kwanza, hasara iwe imetokea katika utendaji wa kazi na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Sahani iliyovunjwa na mtoto wa nyumba haimhusu. Pili, aelezwe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Tatu, apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga. Nne, deni lisizidi hasara halisi. Tano, makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Na juu ya yote hayo, awe ameyaridhia makato kwa maandishi.

Tuchukue mfano. Binti analipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na kwa uzembe wake ameharibu blenda ya shilingi 60,000. Robo ya mshahara ni shilingi 25,000. Basi, akiwa ameridhia, atakatwa 25,000 mwezi wa kwanza, 25,000 wa pili na 10,000 wa tatu. Kuuzuia mshahara mzima wa mwezi ili "atie adabu" hakumo katika sheria.

Hutokea pia chombo kikawa sababu ya kumfukuza binti usiku ule ule, mikono mitupu. Hapo napo sheria imesema. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi aliyekwisha kumaliza mwezi wake wa kwanza hustahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake, isipokuwa kwa kosa kubwa; na sahani si kosa kubwa. Alipwe siku alizokwisha kufanya kazi na apewe cheti cha utumishi. Ikiwa aliajiriwa mbali, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikomtoa, au amlipe gharama za safari hiyo. Aliyedhulumiwa hupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, na siku 60 kwa madai mengine kama ya mshahara.

Lakini ni wangapi wanaofika huko? Mfanyakazi wa kiwandani ana wenzake na chama chake. Binti huyu hulala chini ya dari ya mwajiri wake. Akilalamika mchana, hajui usiku atalala wapi. Kwa hiyo ndani ya nyumba zetu sheria hii huishi au hufa mikononi mwetu sisi wenyewe.

Tunawanasihi wazazi waandikiane na mfanyakazi masharti ya kazi tangu siku ya kwanza, na kila mwezi waandike katika daftari kilicholipwa na kilichokatwa, pande zote mbili zitie saini. Mshahara si sadaka, tuitoe tukiridhika na kuizuia tukikasirika. Ni haki ya mtu aliyekwisha kuifanyia kazi, na watoto wetu wanatutazama tunavyoitekeleza.