Usilipakie Hilo Lori Bado

Kama umenunua lori la mtumba juzi na leo unatafuta mzigo wa maembe, ngoja kwanza. Lori tupu hudanganya. Hata breki mbovu hulisimamisha likiwa halina kitu, kwa hiyo ule mzunguko mmoja uliozungushwa na muuzaji pale Nairobi haukukuonyesha lolote. Huku Makindu mtu huuza ng'ombe, akaongeza mkopo wa sacco, lori likafika jioni na asubuhi likapakiwa. Siku atakapoteremka Nunguni kuelekea Salama akiwa na tani zake mgongoni ndipo atakapojua alichonunua.

Anza na breki za upepo. Mahali tambarare, kingia magurudumu mawe, ngurumisha injini mpaka mshale wa upepo ufike juu, kisha zima. Kanyaga breki, ushikilie dakika nzima. Mshale ukishuka zaidi ya pauni 3, kuna panapovuja. Sasa washa swichi bila injini, ukanyage na kuachia, ukanyage na kuachia: kengele au taa ya onyo sharti iamke kabla upepo haujapungua chini ya pauni 60 hivi. Isipoamka, muulize muuzaji nani alikata waya. Halafu fungua vali zilizo chini ya matangi ya upepo. Maji kidogo si ajabu. Oili nyingi ni kompresa iliyochoka.

Canter ndogo isiyo na breki za upepo ina hatari yake. Oili ya breki hunyonya unyevu mwaka baada ya mwaka. Mteremkoni breki zikipata moto, maji yale huchemka na pedali huzama hadi sakafuni. Oili hiyo ikiwa imekuwa nyeusi, mwaga yote utie mpya.

Tairi lililopakwa rangi halisemi umri wake. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Nati ya gurudumu yenye mchirizi wa kutu imekuwa ikicheza. Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, na hapo rudisha lori kama bado unaweza. Na tafadhali, usijaze rejeta maji ya kisima; visima vingi vya Ukambani vina chumvi, nayo huganda ndani.

Kibandiko cha ukaguzi kinaeleza siku kilipobandikwa, basi. Na dereva anayetia nyutro mteremkoni ili kuokoa dizeli, mshushe.

Safari ya kwanza pakia nusu. Ukifika kwenye hekalu la Masingasinga hapa Makindu, lile la 1926 linalowapa wasafiri chakula bure, usikimbilie chai. Zunguka kwanza, ukikaribiza mgongo wa kiganja kwenye kila gurudumu. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, lori lilale hapo.