Kabla hujaniagiza plota, niulize kwanza bei ya wino

Najua wapo waliodhani nimezikwa na theluji. Nipo, ni kazi tu.

Leo nataka tuongee kuhusu plota, yaani zile printa kubwa za kuchapia ramani za nyumba. Naandika hapa ili niseme mara moja, maana ndani ya miezi michache nimeulizwa jambo lile lile na watu watatu: mpwa wangu wa Dodoma, rafiki niliyesoma naye ambaye ana ofisi ya upimaji Mwanza, na kaka mmoja wa Tanga. Wote lugha yao moja. "Huko kwenu mitumba bei ya bure, nitafutie plota uitupie kwenye kontena."

Ningeweza kujibu kwa utani, ila la mpwa wangu siyo la utani. Ameacha kazi ya kuajiriwa, amefungua kaofisi kake ka michoro, na anataka kukopa milioni tano SACCOS anitumie. Mdhamini wake ni dada yangu, mama yake mzazi, mwalimu aliyebakiza miaka michache astaafu. Milioni tano kwa viwango vya siku hizi ni kama dola 2,000. Kwa hiyo nikikosea kununua huku, anayekatwa mshahara ni dada. Msinione mgumu basi.

Haya, tuanze na ukweli mmoja ambao siwezi kuwaficha: plota za mtumba hapa zipo nyingi kweli kweli, na ni rahisi. Eneo hili la Washington, ambalo wenyewe wanaliita DMV kwa maana ya D.C., Maryland na Virginia, limejaa watu wa ramani na michoro. Reston, Virginia, ndiko makao makuu ya USGS, idara ya serikali inayochora ramani za Marekani. Ongeza ofisi za wasanifu, wahandisi, wakandarasi wa jeshi, vyuo. Wote hao walinunua plota enzi zile. Sasa hivi vibali vya ujenzi vinaombwa kwa kompyuta. Ukiomba kibali D.C. unapeleka faili kwa Department of Buildings (iliyozaliwa Oktoba 2022 pale DCRA ya zamani ilipogawanywa), wala hubebi rundo la makaratasi chini ya kwapa. Kaunti ya Montgomery nao mfumo wao ni wa faili. Juu ya hapo, tangu korona ya 2020 ofisi nyingi za mjini zimepunguza nafasi, na kitu cha kwanza kutolewa nje ni lile lidude la kona ambalo halijawashwa mwaka mzima.

Ndiyo maana utaziona kwenye minada ya GSA, ambako serikali kuu inauza vitu vyake vilivyokwisha matumizi, na Terrapin Trader kule College Park, duka la Chuo Kikuu cha Maryland la mali zilizochakaa. Nyingine zinatolewa bure kabisa, mradi ulete gari. Masharti ni yale yale: unachukua kama ilivyo, unabeba mwenyewe, hakuna kurudisha.

Sasa jiulizeni, kwa nini mtu wa hapa, mwenye fundi na duka la vipuri karibu, anaitoa bure?

Plota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina mkanda wa mpira unaovuta kichwa cha kuchapia kwenda kulia na kushoto. Mkanda huo unazeeka hata kama mashine haitumiki. Unamong'onyoka kama biskuti. Kuubadilisha ni kazi ya saa kadhaa kwa anayejua, na sharti uupate mkanda wenyewe. Vichwa navyo vikikaa bila kuchapa wino unakauka ndani. Hivyo ikiwashwa mnadani ikatoa taa ya kijani, hujajua kitu bado. Na zile mashine kubwa zaidi za tona ndiyo msiziguse kabisa kabla ya kusoma kibandiko cha umeme kule nyuma. Umeme wa hapa ni volti 120 na 60 Hz, na mashine nzito huwekewa laini yake maalumu. Wa nyumbani ni volti 230 na 50 Hz. Plota nyingi za wino zinakubali volti 100 hadi 240, hapo hakuna shida. Ila kibandiko kisomwe, siyo kubahatisha.

Kisha usafiri. Plota ya zamani ya inchi 42 ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu, haikai ndani ya boksi la televisheni. Kuna stendi, kuna kuifungia kwenye mbao isipigike baharini, kuna nauli ya kontena, wakala wa forodha, VAT ya 18%, halafu lori hadi Dodoma. Mashine ya bure hiyo!

Lakini hayo yote yanalipwa mara moja. Mimi hofu yangu ni wino.

Wengi hatuhesabu wino kwa sababu tumezoea printa za mezani za barua. Chukueni mfano wa plota mpya ndogo za HP za inchi 24, zile za T210, T230 na T250. Zinatumia katriji namba 712. Katriji ya rangi ina mililita 29. Ishirini na tisa! Haifiki hata sehemu ya kumi ya chupa ya soda. Nyeusi ipo ya 38 na ya 80. Na zile katriji zinazokuja na mashine mpya mara nyingi hazijajazwa kama za dukani. Katriji zina chipu, na mashine imetengenezwa izikatae zenye chipu isiyo ya kampuni, kwa hiyo ule ujanja wa kujaza wino kwa sindano usiutegemee. Kuna jambo la kanda pia: tangu 2004 HP walianza, kwa baadhi ya printa zao, kufunga katriji kufuatana na kanda ya dunia. Unaponunua mashine Marekani ukategemea wino wa Kariakoo, uliza kwanza kama vitaelewana.

Mpwa wangu ana jibu la hili: "Mjomba, wino utakuwa unanitumia kwa wasafiri." Jamani. Msafiri wa uhakika ninampata mara mbili kwa mwaka, na begi lake limeshajaa viatu vya watu. Mteja wa Dodoma anataka ramani yake Alhamisi. Utamwambia asubiri mpaka mama fulani apate likizo?

Na umeme ukikatika? Plota ya wino haitaki kuzimwa zimwa. Ikiwa imewashwa inajisafisha yenyewe kidogo kidogo ili vichwa visikauke. Ikizimika ghafla na kuwashwa tena inaanza usafi, na usafi huo unatumia wino ule ule uliolipia. Kwa hiyo siku ya kukatika mara tatu unapoteza wino kabla hujachapa mstari mmoja. Yuko huku anayefundishwa hivyo? Hayupo, kwa sababu hawajui kukatika.

Niwaambie tulivyofanya sisi. Ofisini kwetu Silver Spring tuko watatu, tunachora besimenti za kukodisha, baraza za mbao za nyuma ya nyumba, jiko la kupanuliwa, kazi ndogo ndogo hizo. Faili linakwenda kaunti kwa kompyuta, lakini fundi akiwa juu ya ngazi anataka karatasi, na ramani iliyopitishwa lazima iwepo kwenye eneo la kazi mkaguzi akija. Kabla ya kununua chochote tuliandika kwenye daftari kila karatasi kubwa tuliyochapisha dukani kwa miezi mitatu. Ilikuwa wastani wa arobaini kwa mwezi, na duka tulilokuwa tunatumia lilitoza kama dola tatu kwa karatasi nyeusi na nyeupe. Mara arobaini ni dola 120, kwa mwaka 1,440. Hapo ndipo plota mpya ndogo, zinazoanzia karibu na dola elfu moja, ilipoanza kuwa na maana. Tukanunua ya inchi 24, mpya, yenye dhamana. Ingekuwa karatasi kumi na tano kwa mwezi tungeendelea kupanga foleni dukani.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo watu wanapotupa hela. Kila anayeniandikia anataka inchi 36 au 42. Kwa nini? Karatasi ya A1 ina upana wa milimita 594, na rolu ya inchi 24 ni milimita 610. Inaingia vizuri na baki. Inchi 36 unaihitaji ukichapa A0, yenye milimita 841. Sasa wewe unayechora nyumba ya vyumba vitatu Ihumwa, A0 ya nini? Rolu moja ya inchi 24 yenye futi 150 inakutolea A1 kama hamsini na nne. Na nakala za kusahihishia chapisha A3 kwenye printa ya kawaida. (Rolu iliyobaki irudishe kwenye nailoni yake, hasa nyie wa Tanga na Dar. Unyevu wa pwani unaikunja karatasi mpaka inakwama.)

Najua hoja nyingine ambayo mpwa hajaiandika lakini naisikia. Plota kubwa ikikaa mlangoni ni kibao cha biashara. Mteja akiingia akaikuta anajua hapa ni ofisi, siyo kijana mwenye laptopu. Sibishani na hilo, lina ukweli wake, nyumbani tunanunua kwa macho. Ila mteja huyo huyo akirudi mara mbili akaambiwa wino umeisha, hiyo plota itamtangaza vibaya kuliko ingekuwa haipo.

Msimamo wangu ni huu: nyumbani anza na wino, ndipo uje kwenye mashine. Nenda Kariakoo, au mtume mtu, aulize maduka matatu wana wino gani wa plota kwenye rafu leo, siyo wa kuagiza. Uliza bei, uliza tarehe ya mwisho wa matumizi, uliza fundi wa aina hiyo yuko wapi. Kisha nunua mashine inayokula wino huo, na uinunue huko huko. Siku hizi zipo hata za kujaza kwa chupa, kama Canon TC-20, nayo ni ya inchi 24. Kama chupa zake zinapatikana hapo ulipo, mimi ningeiangalia hiyo kabla ya ya katriji.

Rafiki wa Mwanza, wewe una wino karibu na fundi unaye, hunihitaji. Kaka wa Tanga, mabango ya nje ni mashine nyingine kabisa yenye wino wa nje, nitakuandikia pembeni.

Na wewe mjomba wangu wa Dodoma: mkopo usiuchukue bado. Nunua daftari, andika karatasi zako mpaka mwisho wa mwezi wa tatu kuanzia sasa, ukizichapisha kwa yule wa stesheneri unayemlipa leo. Ukifika thelathini kwa mwezi, nitumie hesabu pamoja na bei za wino za maduka matatu, na mimi nitachangia dola 300 ununue hapo Tanzania. Dada, nakala hii nimekutumia pia, fomu ya udhamini usiisaini kwanza.