Aliyechoma nyumba yako ana miguu miwili

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wazazi mliokimbia vita mkapokelewa katika familia za watu, leo nasema juu ya zile video za mtu anayegeuka chui.

Mmeziona. Mgongo unapinda, manyoya yanatoka, kucha zinarefuka, kijana anakuwa mnyama. Zinatokana na wapenzi wa filamu za Wazungu za mtu-mbwamwitu. Wao huchora picha moja baada ya nyingine na kuziunganisha mpaka zinatembea, na siku hizi kompyuta inawasaidia kwa kazi kubwa. Hilo si kosa. Mhubiri anayetaka kijana mchoraji afukuzwe mtaani amebisha mlango usio wake.

Kosa linaanza pale mtu anapoondoa jina la mchoraji, anaandika "Imetokea Salamabila" au "Huyu amekamatwa Wamaza", kisha anaituma kwenye WhatsApp. Hapo mchezo umekuwa shitaka. Mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaanza kutazamwa vibaya. Mama mkimbizi asiye na ukoo hapa anaulizwa usiku alikuwa wapi. Tunajua mambo kama hayo huishia wapi: mawe, petroli, kiberiti.

Mwaka 1983, katika Thriller, Michael Jackson aligeuka mnyama mbele ya dunia nzima. Sura ile ilitengenezwa na fundi Rick Baker. Na kabla filamu haijaanza, Michael aliweka maandishi ya kusema kwamba yeye haungi mkono imani za uchawi. Kama yeye aliona lazima kuonya watu, wewe unashindwa nini kuandika "huu ni mchoro, nimeuchora mimi"?

Najua jibu mtakalonipa: watu-chui walikuwepo Congo. Ndiyo, walikuwepo. Waliitwa anioto, kwa Babali upande wa Bafwasende, na baadaye upande wa Beni. Lakini walikuwa nani? Walikuwa watu. Walivaa nguo ya magome yenye madoa, wakashika kucha za chuma, ili maiti ionekane imeraruliwa na chui. Hakuna aliyegeuka. Walitaka mnyama abebe kosa lao. Na mwaka 1913 Mbelgiji Paul Wissaert akatengeneza sanamu ya mtu-chui huyo, ikawekwa katika makumbusho ya Tervuren, na wageni wengi wakaona hapo sura ya Congo nzima. Picha ikikosa maelezo huwachafua hata wasiohusika.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Waliochoma nyumba zenu, wakachukua mbuzi na mihogo, walikuwa watu wenye bunduki. Wana wakubwa wao. Wana majina, na mengine mnayajua. Siku mtakaposema "wale waligeuka wanyama", mmewavalisha ngozi ya chui ninyi wenyewe. Hakimu hawezi kumwita chui mahakamani. Mwaka 1964 Simba walipita katika Maniema hii hii wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Risasi haikugeuka. Waliozikwa walikuwa watu, na waliowaua walikuwa watu.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma video, uliza: nani aliichora, wapi, lini? Kama hakuna jibu, futa. Kijana mchoraji, andika jina lako juu ya kazi yako, nasi tutakusifu. Bwana chifu, usipokee shitaka linalotoka ndani ya simu. Anayemchoma jirani kwa sababu ya picha ni muuaji, hata kama kartie nzima ilimshangilia.

Na ninyi mliokimbia, wekeni akilini kijiji, siku na sura za waliokuja. Mkipata mtu wa kuaminika na mahali salama, semeni. Siku ya hukumu itahitaji majina ya watu.