Kuazima na Kukopa



Juzi mwanangu aliniletea daftari lake la Kiingereza. Alikuwa ameandika "Borrow me your pen", na mwalimu amemkosoa kwa wino mwekundu. Akaniuliza, "Baba, kosa langu ni lipi? Si ndiyo 'Niazime kalamu yako'?"

Kosa hilo limetoka katika lugha yetu. Kitenzi chetu "azima" chawatumikia wote wawili: husema nimeazima kalamu kwake, na pia ameniazima kalamu yake. Kiingereza huwatenga. Apokeaye hu-"borrow", na atoaye hu-"lend". Basi mwenye kuomba aseme "Lend me your pen", au "May I borrow your pen?"

Lakini nikamwambia kuwa sisi nasi twatenga wasichotenga wao. Kwao kitabu na fedha vyatosheka kwa kitenzi kimoja. Sisi huazima sufuria, na fedha tukazikopa. Sufuria hurudi ile ile, ilhali fedha hurudi mfano wake. Fiqhi nayo imetenga hivyo hivyo: ya kwanza ni ariya, ya pili ni karadha.

Na hukumu zake ni mbali. Aliyekopa huzimiliki fedha, akazitumia atakavyo, deni likabaki shingoni mwake. Aliyeazima hamiliki kitu: hawezi kukiuza wala kukikodisha, na katika madhehebu yetu ya Shafii, kikimpotea hukilipa hata kama hakuzembea.

Ndugu zangu, deni la fedha twalikumbuka, na huenda tukaliandika kama tulivyoamrishwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 282. Lakini sinia ya jirani hukaa jikoni miaka, hata watoto wakaidhania kuwa ni ya mama yao. Mama akifariki, huingia katika mirathi, na warithi wakagawana mali ya watu pasi na kujua.

Nilipokuwa nikimweleza mtoto haya, nilitazama rafu yangu, nikakiona kitabu cha nahau nilichoazima kwa mwenzangu wa chuoni kabla mtoto huyu hajazaliwa. Nimekirudisha Ijumaa, kwa haya nyingi. Nawe, msomaji mpenzi, hebu tazama jikoni na rafuni mwako.

Wabillahi tawfiq.