JINA LA CHUO HALIJENGI DARAJA

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, mabishano yale yale huzuka majumbani mwetu. Kijana amefaulu masomo yote. Upande mmoja ipo digrii ya historia au fasihi katika chuo ambacho jina lake latajwa kwa heshima hata na asiyejua kilipo. Upande wa pili ipo sayansi, katika chuo cha mbali ambacho shangazi hajapata kukisikia. Mara nyingi jina ndilo hushinda. Sisi twasema: ndugu, tusichague kwa jina.

Tukumbuke tulikotoka. Mwalimu Nyerere alipata kutueleza kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961, wananchi waliosomea uinjinia walikuwa 2 na madaktari 12. Mkoloni alitaka makarani wa kumwandikia barua, nasi tukazoea kudhani kwamba tai na meza ndiyo elimu.

Walioichagua sayansi siku zile iliwapasa kuhama. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza na sheria. Aliyetaka digrii ya uinjinia alikwenda Nairobi. Aliyetaka ya udaktari alikwenda Makerere, au ng'ambo. Hapa Dar es Salaam uinjinia ulianza mwaka 1973. Na hiyo Makerere tunayoitukuza ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Heshima yake ilianzia kwenye randa na nyundo.

Je, twasema historia na fasihi ni kazi bure? La hasha! Mwalimu mwenyewe alipata M.A. ya Edinburgh mwaka 1952, na elimu ile hakuifungia kabatini. Anayeipenda historia kwa moyo na aisome sana. Tunayemsikitikia ni yule aipendaye sayansi, kisha akaiacha kwa kuona haya ya jina la chuo.

Lakini lawama si ya kijana peke yake. Shule isiyo na maabara humfundisha kemia kwa chaki. Atapata wapi ujasiri wa kuichagua? Tena wadogo zake wakimwona mhitimu wa kilimo anazunguka na vyeti vyake bila kazi, somo wamekwisha lipata. Haifai kumwambia kijana ajitoe kwa ajili ya taifa, hali taifa halijamwekea hata darubini. Viongozi wetu na walijibu hilo kwa vitendo.

Mchagua jembe si mkulima. Wazazi, mtoto wenu akipata nafasi ya sayansi Mbeya, Morogoro au ng'ambo, msimwulize chuo hicho kina sifa gani mjini. Mwulizeni atajifunza nini huko, na akirudi ataweza kututendea kazi gani. Akiwa na jibu, mfungieni mizigo aende.