Karama Asomwa, Somo Lake Lafichwa

Mchukue mtu yeyote wa mtaani umuulize Serikali ni nini. Ni nadra akujibu kuwa ni mamlaka yaliyowekwa na wananchi kwa mujibu wa Katiba. Atakwambia kuwa Serikali ina mkono mrefu. Akiwa na ucheshi, atalivunja neno lenyewe vipande viwili akuambie kuwa ni "siri kali". Neno hilo limetujia kutoka Kiajemi wala halina nasaba na siri, lakini watu hawatungi mzaha wa namna hiyo bure. Na mtu huyo huyo akifikwa na shida husema, "Tunaiomba Serikali itusaidie," hata pale anapodai kitu ambacho sheria imekwisha kumpa. Huiomba haki yake kama aombaye sadaka.

Nani aliyemfundisha kuomba? Wapo wasomi wetu wanaopenda kumlaumu mwananchi kwa uvivu wa kusoma. Lawama hiyo ni ya dhulma. Raia huijua dola kwa sheria inayomgusa na kwa hadithi anazosoma na kusimuliwa, na hapa Tanzania walimu hawa wawili walitenganishwa tangu mwanzo. Hadithi aliandikiwa kwa Kiswahili. Sheria aliandikiwa kwa Kiingereza.

Tuanze na hadithi. Mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Mwingereza, Shaaban Robert alitoa kitabu chake Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Kijana Karama anafikishwa mbele ya mfalme, mshitaki wake akiwa waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake nini? Hakuiba wala hakuua. Alitaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ile! Naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo ya manufaa kwa taifa lao, kila mmoja akarudi na kheri, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mwandishi aliona mapema jambo ambalo wengi wetu hatujaliona hadi leo: kwamba mtawala dhalimu haogopi sana fujo, kwani fujo ana dawa yake, humwogopa mtu anayetaka kila mtu aijue sheria.

Kitabu hicho kimesomwa mashuleni vizazi na vizazi. Lakini kimesomwaje? Mwanafunzi hufundishwa kutaja fani na maudhui, kueleza wahusika na kuorodhesha tamathali za usemi. Huulizwa Majivuno ni mtu wa tabia gani, akajibu vizuri, akapata alama zake. Haulizwi hata mara moja: katika nchi yako, mtu akikamatwa, sheria inampa haki gani? Basi Karama anasifiwa darasani, na somo lile lile alilotaka kulianzisha halifiki darasani humo.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwaka ule ule Bunge la Tanganyika huru lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila ya kumfikisha mahakamani. Karama walau alisikilizwa siku sita. Miaka thelathini baadaye Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliiweka sheria hiyo katika orodha yake ya sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Aidha, Hati ya Haki za Binadamu haikuingizwa katika Katiba ya Muungano hadi mwaka 1984, na hata hapo raia alizuiwa kuidai mahakamani hadi mwaka 1988. Ni wangapi waliofundishwa habari hizi?

La kustaajabisha zaidi ni kuwa Kanuni ya Adhabu inatamka wazi kuwa kutoijua sheria si utetezi. Sawa. Lakini kanuni hiyo iliandikwa kwa lugha ya mtawala aliyeondoka! Katiba tunayo kwa Kiswahili, na Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili. Ila mtu alipokata rufaa hadi Mahakama Kuu, hukumu ya maisha yake iliandikwa kwa lugha asiyoijua, akategemea wakili amweleze kama ameshinda au ameshindwa. Ilichukua miaka 60 tangu Uhuru, hadi 2021, kwa Bunge kubadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tunaishukuru hatua hiyo, ingawa shukrani yetu haifuti swali la miaka hiyo 60.

Wako watakaosema kuwa tunaibebesha fasihi mzigo usio wake, kwani hadithi na mashairi ni burudani tu. Wenye dola hawaamini hivyo. Tazama kwa majirani zetu wa Kenya. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, aliandika waraka mfupi wenye swali, "Kenya: Twendapi?" Sheria ya uchochezi, urithi wa mkoloni, ikampeleka gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Swali lake lilimtia pingu, na mashairi aliyoyaandika ndani ya pingu hizo yakavikwa taji. Huo ndio ustadi wa dola: kazi ya mwandishi ikiisha kuwekwa rafu ya fasihi, inaonekana haina tena madhara.

Ustadi huo ndio unaotendeka katika madarasa yetu. Kwa hiyo madai yetu kwa wenye kupanga mitaala ni machache. Mwanafunzi anayepewa Kusadikika apewe pia, kwa Kiswahili, Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza ya Katiba, inayotaja haki na wajibu wake. Mwalimu asome naye Ibara ya 26, inayomtaka kila mtu aitii Katiba na sheria, kisha ikampa haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba hiyo. Na katika mtihani, baada ya swali la tabia za Majivuno, liwekwe swali jingine: Karama angeshitakiwa hapa kwetu, angejitetea kwa ibara ipi?