TUAMBIANE KWELI KAZINI



Leo twataka kusema juu ya jambo lisilokuwamo katika madai ya mishahara, lakini bila hilo chama hakiwezi kusimama, nalo ni kuambiana kweli sisi kwa sisi mahali pa kazi.

Katika chumba cha walimu cha shule moja hapa Garissa tumeyaona haya. Mwalimu mwenyeji amesikia ya kuwa njia si salama, lakini mgeni akimwuliza, hujibu, "Hakuna neno, mwalimu," kwani aogopa shule kubaki bila mwalimu wa hesabu. Naye mgeni, akiaga kwenda likizo, husema, "Tutaonana muhula ujao," hali barua ya kuomba uhamisho amekwisha kuipeleka. Wote wawili hucheka na kunywa chai pamoja. Hiyo si adabu, ndugu zetu. Ni woga uliovaa nguo ya adabu.

Sababu ya woga twaijua. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa likienda Nairobi, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii. Baadaye walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa, na watoto wakabaki madarasani bila wa kuwafundisha. Tangu hapo mgeni hudhani mwenyeji anajua na anaficha. Mwenyeji hudhani mgeni amemhesabu kuwa adui. Wala hakuna anayesema.

Lakini twajua na jambo jingine. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wenye bunduki walilishambulia basi lililokuwa likienda Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mmoja wa waliokataa alikuwa Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, naye Mwislamu. Alipigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki. Huyu hakuwa na neno moja mbele ya wenzake na jingine mbele ya bunduki.

Hatumwombi mwanachama yeyote afe. Twaomba lililo jepesi zaidi. Wewe mwenyeji, ukisikia habari mbaya ya njia, mwambie mwenzako, hata kama kesho atakwenda zake. Nawe mgeni, ukiomba uhamisho, mwarifu mwalimu mkuu mapema, apate kutafuta wa kulishika darasa, wala usione haya kusema, "Naogopa."

Wako watakaosema ya kuwa tukisema kweli wote wataondoka. Twawajibu: hata waliofichwa wataondoka siku watakapojua, nao hawatarudi, kwa kuwa watajua walidanganywa. Aliyeambiwa kweli, hata akienda, aacha nyuma mtu wa kumwamini, na huenda akarudi.

Tena, tutamwendeaje mwajiri kudai ulinzi na nyumba ndani ya ua wa shule, ikiwa mwenyeji asema hakuna hatari na mgeni asema hakai? Mwajiri atatuuliza, "Neno lenu ni lipi?"

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Basi na tuanze kesho asubuhi, palepale kwenye chai.